Tupeane uzoefu: habari za mtaa ulio nyuma ya soko ulizipata kwa nani kabla hujahamia?

Mpangaji Mzoefu

Ndugu zangu, habari za leo. Mdogo wangu amepangiwa kazi ya ualimu hapa Makambako, naye amenipigia simu nimtafutie chumba na sebule, kwa sharti moja tu kwamba kisiwe mbali na soko. Nilicheka peke yangu, kwa sababu sharti hilohilo ndilo nililompa dalali mwaka 2019. Nilionyeshwa nyumba mwezi Februari, mvua imelaza vumbi, mtaa umetulia, na mama mwenye nyumba akanikaribisha chai. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwamba mahindi yakianza kutoka mashambani malori hupanga foleni hadi mlangoni, na kwamba mashine ya kukoboa iliyo nyumba ya tatu hunguruma mpaka saa sita usiku. Kodi ya miezi sita nilikuwa nimekwisha kuilipa, kwa hiyo nilivumilia miezi sita, kisha nikavuka barabara kuu na kuhamia upande wa pili. Naomba kila mmoja aeleze: habari za kweli za mtaa wako ulizipata kwa nani, na ulizipata kabla au baada ya kulipa?

Binti Mbena

Baada ya kulipa. Mashine hiyo hujaitaja iko wapi, lakini mlio wake nimeusikia nilipokuwa nikisoma.

Mzee wa Reli

Kijana, kosa lako lilikuwa kumtegemea dalali. Yeye hupata kodi ya mwezi mmoja mkikubaliana, sasa atakuambiaje habari za mashine? Nami naongeza jambo ambalo wageni hawalifikirii. Mji huu umekaa kwenye njia panda, barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma ikikutana na ile ya Njombe na Songea, na treni ya TAZARA nayo husimama hapa; kwa sababu hiyo, jirani unayemuuliza huenda naye ameingia mtaani mwezi uliopita na anajua machache kuliko wewe. Muulize mshona viatu, au mama anayeuza uji alfajiri, kwa maana hao huona nani anahama, na wanajua anahama kwa nini.

Fundi Uashi

Mimi napinga. Mama wa uji alinisifia mtaa mzima kwa sababu alitaka mteja mpya, nami nikahamia mahali ambapo maji hutoka usiku wa manane, mara mbili kwa wiki. Tazama ndoo. Ukiona kila ua una mapipa na madumu yaliyopangwa mstari, umekwisha kujibiwa.

Mama Pacha

Nimesoma maneno ya Mzee wa Reli nikakumbuka jambo ambalo sijapenda kulisimulia. Ilikuwa Julai 2021, baridi ya kwetu mnaijua, ukungu umeshuka tangu jioni. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Songea. Saa mbili usiku mmoja wa pacha wangu, wakati huo wana miaka miwili, alishikwa na degedege. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Nilimpigia simu dereva wa bajaji niliyekuwa na namba yake, nikamwambia aje nyuma ya soko, kwa muuza mbao, geti la bluu. Akanijibu kwamba amefika kwa muuza mbao na haoni geti la bluu. Nikamwambia atazame vizuri. Akaniambia yuko kwa muuza mbao mwingine, na huko nako hakuna. Wauza mbao nyuma ya soko walikuwa watatu, nami nilikuwa namjua mmoja tu. Kumbe mchana ule mwenye nyumba alikuwa ameleta fundi akapaka geti rangi ya kijani, na mimi, niliyeshinda ndani na watoto wenye homa, nilikuwa nikitazama upande wa ndani ambao bado ulikuwa wa bluu.

Kulikuwa na bibi jirani ambaye hatukusemezana kwa majuma mawili kwa ajili ya foleni ya bomba. Alisikia kilio changu, akaingia bila kubisha hodi, akanipokonya simu na kusema sentensi moja tu: "Njoo pale alipokuwa akiuzia ulanzi yule bibi marehemu." Dereva hakuuliza swali la pili, na taa zake tuliziona kabla sijamaliza kumfunga mtoto kwenye blanketi. Mwuza ulanzi huyo, pombe ya mianzi, alifariki kabla sijaingia mji huu, na klabu yake ilikwisha kubomolewa. Nilikuwa nimekaa miezi tisa mahali ambapo jina lake sikuwa nalijua.

Binti Mbena

Pole sana, mama. Mtoto anaendeleaje?

Mama Pacha

Ni mzima. Anasoma, na ni mtundu kuliko mwenzake.

Mjukuu wa Bibi

Bibi yangu angemfukiza kwa mavi ya tembo, na dereva angeipata nyumba kwa kufuata moshi.

Muuguzi wa Zamu

Tusitanie hapo. Mtoto wa degedege hulazwa ubavu, hatiwi kijiko wala dawa mdomoni, na hukimbizwa hospitali. Tuendelee na mada.

Karani Mstaafu

Masimulizi haya yanatia uchungu, lakini shida hiyo ilikwisha kutafutiwa dawa. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima iliendesha operesheni ya anwani za makazi: barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na postikodi ya tarakimu tano ipo kwa kila kata. Mtu akisoma kibao chake kwenye simu, hana haja ya rangi ya geti wala ya marehemu.

Fundi Uashi

Karani, kwangu namba iliandikwa ukutani kwa rangi, nami mwenyewe nikaipiga plasta mwaka uliofuata bila kukumbuka. Na hata ingekuwapo, mtajie dereva wa bajaji namba ya nyumba uone kama hatakuuliza: "Hapo ni jirani na nani?"

Karani Mstaafu

Kwa hiyo umefuta anwani kwa mkono wako, kisha unailaumu anwani.

Fundi Uashi

Sijailaumu. Nimesema haijazoeleka.

Karani Mstaafu

Haitazoeleka kwa kupigwa plasta.

Mzee wa Reli

Ninyi wawili, watoto wanasoma. Anayetaka habari rasmi aende kwa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa na ndiye mwenye kumbukumbu. Mwenyekiti ni wa kuchaguliwa. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 wapo walioingia madarakani wakawa bado wanajifunza njia za mtaa kama sisi.

Binti Mbena

Mwenyekiti wetu anajua kila nyumba, Mzee. Tatizo ni kwamba hukaa kijiweni, hivyo ukimuuliza habari za jirani mmoja, wote wanne wanaocheza bao hujibu kwa pamoja, na kila mmoja lake.

Muuguzi wa Zamu

Mimi nashauri uende mara tatu: asubuhi, saa nne usiku, na siku ambayo umeme umekatika.

Mjukuu wa Bibi

Ukifika saa nne usiku mtaani kusikokujua, habari utakazozipata ni za polisi jamii.

Mpangaji Mzoefu

Nawashukuru wote. Leo jioni nimetazama ndoo, nimemuuliza mshona viatu, na dalali amenionyesha chumba kizuri katika nyumba ambayo aliniambia nikutane naye "palipokuwa na klabu ya ulanzi". Mama Pacha, isije ikawa ndiyo ileile? Geti ni jekundu.

Mama Pacha

Ndiyo hiyo. Chumba cha mbele ndicho kikavu, cha nyuma huvuja. Bibi jirani bado yupo. Mpelekee sukari kilo moja kabla hujalipa, naye atakueleza mengine.