Tupeane uzoefu: ulichaguaje sabuni na mafuta salama kwa ngozi ya mtoto mchanga?

Mama Kifunguamimba

Wazazi wenzangu, naomba tupeane uzoefu wa jambo hili, kwa kuwa mimi nilijifunza mwanangu akiwa ameshaumia. Alipofikisha wiki 6, mashavu yake yalianza kukauka na kupasuka, kisha wekundu ukashuka hadi kwenye mikunjo ya shingo. Kila nilipoona dalili mpya niliongeza kitu kipya: sabuni ya maji, losheni, mafuta ya kupaka baada ya kuoga, na poda juu yake. Daktari aliniomba nimpelekee vyote nilivyokuwa nikitumia, akavipanga mezani, akavigeuza kimoja kimoja na kunionyesha orodha ya viambato ambayo sikuwahi kuisoma. Karibu kila chupa ilikuwa na neno "parfum", yaani manukato, na akanieleza kwamba nyuma ya neno hilo moja huweza kuwamo kemikali nyingi ambazo hazitajwi moja moja. Aliniagiza niviache vyote, nimwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache tu, na nimpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Usiku wa 9 alilala bila kusugua uso kwenye shuka, nami nililia kwa furaha.

Mashavu yamepona kabisa. Kinachonisumbua bado ni wekundu wa makalio, ambao hauondoki hata ninapobadilisha nepi mara kwa mara. Nani amepitia hali kama hii?

Mama Pacha

Pole sana, dada yangu. Wanangu walinifundisha kutoamini kwamba kinachomfaa mtoto mmoja kitamfaa mwingine, kwani losheni ileile ilimwacha mmoja salama na kumtoa mwenzake vipele kifua kizima. Tangu hapo, kitu chochote kipya nakipaka kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, nasubiri siku mbili, na siingizi vitu viwili vipya katika wiki moja, maana nikifanya hivyo sitajua kipi kimemdhuru. Angalieni pia tofauti ya maneno: bidhaa iliyoandikwa kwamba haina harufu inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine, kwa hiyo mimi natafuta iliyoandikwa kwamba haikuongezwa manukato, kisha nahakikisha kwenye orodha.

Muuguzi Mzazi

Mimi ni muuguzi wa watoto na mama wa watoto watatu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu, na eneo lake ni kubwa ukililinganisha na uzito wa mwili wake, hivyo kinachopakwa juu huweza kuingia mwilini kwa kiasi kikubwa kuliko kwa mtu mzima. Nchini Ufaransa, mwaka 1972, poda ya watoto iliyochanganywa kimakosa na dawa ya kuua vijidudu iitwayo heksaklorofini iliua watoto 36, kwa sumu iliyopenya kwenye ngozi na kufika hadi kwenye mishipa ya fahamu. Hata poda isiyo na sumu siipendi, kwa sababu vumbi lake huvutwa na mapafu ambayo bado ni machanga.

Ndiyo maana nawasihi msimpake mtoto krimu yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, kwa kuwa tu ilimsaidia mtoto wa jirani, wala dawa ya kuchua yenye kafuri. Maneno "haisababishi mzio" nayo yasiwatulize mioyo. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria za serikali kuu haziweki kipimo chochote ambacho bidhaa lazima ikifikie kabla ya kuyatumia.

Mama Mtarajiwa

Shikamoo dada muuguzi. Mama mkwe wangu ananishauri nitumie mafuta ya zeituni peke yake, kwa kuwa ni ya asili. Je, nimkubalie?

Muuguzi Mzazi

Marahaba, mdogo wangu. Mweleze kwa upole kwamba watafiti wa Manchester, nchini Uingereza, waliwapaka watoto wachanga mafuta ya zeituni au ya alizeti kwa wiki 4, wakaona kwamba ngozi ilipata unyevu zaidi, lakini mpangilio wa mafuta ya ngozi yenyewe yanayoikinga haukukomaa kama wa watoto ambao hawakupakwa kitu. Kwa mtoto mwenye ngozi nzima, wiki za mwanzo mara nyingi hazihitaji mafuta yoyote. Hata kuoga kwa mara ya kwanza, Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa.

Baba wa Wawili

Mama Kifunguamimba, umeangalia vile vitambaa vyenye maji unavyomfutia? Binti yetu aliteseka hivyohivyo kwa miezi miwili, huku sisi tukilaumu nepi. Tafuta kwenye pakiti neno refu methylisothiazolinone, ambalo ni kihifadhi kinachojulikana kwa kusababisha mzio, na ambacho Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku katika vipodozi vinavyoachwa kwenye ngozi. Sisi tulihamia kwenye pamba na maji ya kawaida, tukamkausha bila kumsugua, tukampaka krimu ya oksidi ya zinki kwa tabaka nene kabla ya kumfunga nepi.

Mama Kifunguamimba

Kaka, nimerudi kukushukuru kwa dhati. Neno hilo lilikuwapo, katika mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo mno hivi kwamba nililazimika kulipiga picha kwa simu na kuikuza. Leo ni siku ya 5 tangu tuanze kutumia pamba na maji. Wekundu umebaki alama mbili ndogo kwenye mikunjo ya mapaja, na hata ninapomfuta halii tena.