Nichague ipi Jumamosi: The Virgin Suicides, Mustang au Lady Bird?

Mwana_Menengai (Nakuru): Wadau, naomba ushauri wa haraka. Jumamosi jioni nataka kuonyesha filamu moja ya vijana wanaobalehe. Nimebaki na hizo tatu. Moyo unavuta kwa The Virgin Suicides, ile ya Sofia Coppola ya 1999, kwa huzuni yake na muziki wa bendi ya Air. Mngeenda na ipi?

Binti_wa_Lanet: Unawaonyesha kina nani? Wana umri gani? Wapi?

JaKisumo: Na wazazi watakuwepo?

Omwami_Kakamega: Hakuna cha kulinganisha hapo. Virgin Suicides. Watu hudhani ni filamu ya vifo, kumbe ni ya wavulana wa jirani wanaochungulia nyumba wasiyoielewa. Mabinti watano wa Lisbon, mtaa wa kitajiri Michigan, miaka ya sabini, baba mwalimu wa hesabu, mama wa kanisa. Mabinti wakishafungiwa ndani, wavulana wanawapigia simu, na hakuna anayesema neno. Wanachezeana santuri tu kupitia mkonga wa simu. Nionyeshe ya siku hizi yenye kitu kama hicho.

JaKisumo: Na pale mama anamlazimisha Lux, mmoja wa hao mabinti, achome santuri zake za roki! Huyo ni mama wa Kondele kabisa. Wangu angechoma na redio.

Mwana_Menengai: Ni binamu zangu na marafiki zao, kidato cha tatu. Sebuleni kwa shangazi, Milimani. Shangazi atakuwa jikoni, sikio huku.

Binti_wa_Lanet: Kidato cha tatu! Mbona hukusema mapema? Marekani waliipa R, chini ya miaka 17 aingie na mzazi. Cecilia, mdogo wao wa mwisho, ana miaka 13 na anajiua hadithi ikiwa bado changa. Na usikimbilie Mustang ukidhani ni nafuu. Ndani kuna msichana anayejiua pia, ila jua na bahari ya Uturuki huwafanya watu wasahau.

Fundi_Bungoma: Acheni niwaambie yaliyotukuta kwenye usiku wa filamu wa vijana wa kanisa moja huku kwetu. Sitalitaja. Mwenye laptopu alileta filamu ya huzuni ya wasichana wa bweni, hakuna aliyeiangalia kabla. Dakika ya ishirini wakabusiana. Mama mwenyekiti akainuka, akatandaza leso mbele ya projekta. Sasa leso ndiyo ikawa skrini: midomo juu ya maua mekundu, na ile methali imeandikwa chini yake! Vijana wakaangua kicheko. Kijana wa laptopu akaanza kurukisha mbele, kila akisimama anaangukia penye kilio au busu. Mwishowe mhusika mkuu amezikwa na hakuna anayejua alikufa kwa nini. Tukanywa soda, tukaimba, tukaenda nyumbani. Iangalie yote peke yako kwanza, hata kama ni ya katuni.

JaKisumo: 😂😂 Leso ilisema nini?

Fundi_Bungoma: Siwezi kuandika hapa.

Omwami_Kakamega: Bado nasema watoto wa Milimani ndio wanaohitaji hiyo filamu. Geti, mlinzi, mbwa, gari la shule. Wasichana wa Lisbon hao hao.

Binti_wa_Lanet: Omwami, pole pole. Nimelelewa ndani ya geti na niko salama. Na wa bweni je? Miezi mitatu bila simu, barua inasomwa na mwalimu. Nani amefungiwa zaidi?

JaKisumo: Mustang ni Kituruki, vijana hawatasoma maandishi ya chini. Mpelekee DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, awatafsirie.

Omwami_Kakamega: DJ Afro ni wa mapigano. Atamtafsiria vipi msichana anayekaa dirishani kimya?

JaKisumo: "Mrembo ako na stress, wasee." Imeisha.

Binti_wa_Lanet: Mimi ningeweka Lady Bird. Shule ya Kikatoliki, Sacramento, mama na binti wanagombana dukani kisha wanaona gauni zuri na ugomvi unakufa hapo hapo. Hata shangazi atatoka jikoni.

Mwana_Menengai: Naona naelekea huko. Ila shangazi ameuliza kama kuna kubusiana.

Fundi_Bungoma: Kuna zaidi ya kubusiana. Hiyo nayo ni R, mkuu. Andaa leso.

Binti_wa_Lanet: Nyingi ni matusi tu, na hiyo sehemu nyingine ni fupi.

Omwami_Kakamega: Matusi kwa shangazi wa Nakuru ndiyo mabaya zaidi. Kwani projekta unatoa wapi? Ile ya kukodi mjini mwanga wake ni hafifu, funga mapazia.

Mwana_Menengai: Hakuna projekta, ni televisheni ya ukutani. Ina tatizo la sauti lakini. Kuna mtu ana spika ya kuazima?