MREJESHO: Mama anayesafishwa damu, alikuwa anatolewa kwenye mashine kabla ya muda

Wakuu, nilileta hapa kilio cha mama: figo zimefeli, anasafishwa damu hospitali ya mkoa, lakini hamalizi saa 4 anazotakiwa kukaa kwenye mashine na miguu inabaki imevimba. Nawashukuru mno mliojibu.

Nilishika ushauri wenu wa kuweka daftari la kumbukumbu. Tukawa tunaandika uzito kabla na baada, presha, saa ya kuunganishwa na saa ya kutolewa. Tulimpelekea muuguzi msimamizi kurasa zile tukiwa ndugu wa wagonjwa kadhaa, si mimi peke yangu, na hakubisha. Zamu ya asubuhi sasa inaanza mapema, mama anamaliza saa zake 4. Uvimbe umepungua, na usiku analala, haketi tena kitandani akitafuta pumzi.

Ustawi wa jamii walitupa msamaha wa sehemu tu ya gharama. Sindano za kuongeza damu bado tunanunua nje, na zinatuumiza. Fistula ya mkono (upasuaji wa kuunganisha mishipa miwili ya damu mkononi ili itumike kwenye mashine) haijafanyika, tunasubiri rufaa, bado anatumia mpira wa shingoni. Mwenye mgonjwa kama huyu aanze kudai rufaa hiyo mapema, maana fistula huhitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kutumika.