Naomba ushauri: niondoe simu ya mezani nibaki na intaneti tu? (Uingereza)

Mgeni_Leicester: Wakuu, habari za jioni. Nalipa pauni 38 kwa mwezi, intaneti pamoja na simu ya mezani. Kampuni nyingine inatoa intaneti pekee kwa 30. Simu yenyewe haipigwi na mtu. Nihame?

Sharubu: Usitegemee makubwa. Kama nyumba bado ina waya wa shaba, intaneti inapita humohumo, na kampuni inaulipia kwa Openreach, wenye nyaya hizo, uwe na simu au usiwe nayo. Kinachoondoka ni dakika za kupiga tu. Mkataba umebaki miezi mingapi?

Mgeni_Leicester: Si mingi.

Bi_Kidude_Cha_Rimoti: Mnalipia dakika msizopiga, halafu mnalia maisha magumu. Anzeni na ving'amuzi vya mpira.

Sharubu: Mingapi, mkuu?

Mgeni_Leicester: Tisa. Faini ya kuvunja ni 126. Lakini mkataba mpya ni miezi 24, nane mara 24 ni 192, bado nabaki na 66.

Kokotoa: Hesabu imekaa upande. Kusubiri miezi tisa kunakugharimu 72, kuvunja leo 126. Subiri. Kampuni inalazimika kukuarifu siku 10 hadi 40 kabla mkataba haujaisha. Na huo mpya soma nyongeza ya kila mwaka: tangu 17 Januari 2025 lazima iandikwe kwa pauni na pensi, si asilimia ya mfumuko wa bei.

Mgeni_Leicester: Ofa inaisha Ijumaa. Na kusema kweli nimeshaagiza juzi.

Kokotoa: Kama uliagiza mtandaoni au kwa simu, una siku 14 za kufuta.

Jicho_Kavu: Uzi wa kutunga huu. Laini mpya za simu za zamani zilisimama kuuzwa nchi nzima Septemba 2023. Wewe mkataba wako umebaki miezi tisa, maana yake ulisaini baada ya hapo; laini uliuziwa na nani? Sema tu una ofa unaipigia debe.

Mgeni_Leicester: Sina ninachouza! Bili imeandika simu.

Sharubu: Simu imechomekwa ukutani au nyuma ya ruta?

Mgeni_Leicester: Nyuma ya ruta.

Sharubu: Basi hajadanganya. Hiyo ni simu ya kidijiti, inapita kwenye intaneti yenyewe. Iulize kampuni yako ya sasa kama inaweza kuondoa kifurushi cha dakika bila kugusa mkataba. Kuna kingine kimechomekwa hapo?

Mgeni_Leicester: Kisanduku cha kengele ya mama mkwe. Kile kitufe anachovaa shingoni, akianguka abonyeze. Ila hajawahi kukibonyeza.

Bi_Kidude_Cha_Rimoti: "Haipigwi na mtu." Mkeo anajua?

Sharubu: Hilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza. Kisanduku kinapiga simu kupitia tundu hilo. Ukiondoa simu, atabonyeza na hakuna kitakachotoka. Piga kwanza kampuni ya kengele, omba kisanduku chenye laini yake ya mkononi, wakijaribu ukiwa umezima ruta, na kitufe kibonyezwe kutoka bafuni pia. Hadi hapo simu ibaki. Na umeme ukikatika ruta inakufa: iambie kampuni yako ya intaneti kuwa kuna mzee anayetegemea simu. Inapaswa kumpa, bila malipo, njia ya kupiga 999, namba ya dharura, kwa angalau saa moja.

Kokotoa: Namba mkitaka kubaki nayo, usikate mwenyewe. Kampuni mpya iihamishe laini ikiwa bado hai. Ukikata kwanza inaweza kupotea.

Mgeni_Leicester: Nafuta oda. Ruta yao imeshafika, nifanyeje?

Kokotoa: Usiichomeke. Irudishe na utunze risiti ya posta, wasije wakakutoza bei yake.