Tupeane uzoefu: ulifanya nini ulipotumiwa propaganda ya kumchafua mgombea?

MamaWaNakuru
Ndugu zangu, Agosti 2027 tunapiga kura tena, na simu zimeanza kujaa matusi. Nataka tusimuliane yaliyotupata chaguzi zilizopita: uliletewa nini, ulijibu vipi, na je, ilisaidia?

Naanza mimi. Mwaka 2017 ilisambaa Facebook video ya kutisha, ikionyesha Kenya ya 2020 chini ya Raila Odinga, mpinzani wa Rais Uhuru Kenyatta: njaa, magonjwa, damu. Haikuandikwa ni nani aliyeilipia. Desemba, kura zikiwa zimeshapigwa mara mbili, shirika la Privacy International likaeleza kwamba nyuma ya kampeni ile ilikuwepo Harris Media, kampuni ya Texas, na kwamba hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza tovuti ya kumsifu Uhuru. Mtu wa Texas anatuuzia hofu sisi wa Nakuru! Hapa kwetu 2008, baada ya uchaguzi wa 2007, watu walichinjwa. Nchi nzima walikufa zaidi ya 1,100. Hofu hiyo haichezewi.

Nilichofanya: kila aliyenitumia nilimpigia simu. Sikuandika kikundini, maana mtu akisahihishwa mbele ya shemeji zake atabisha hata kama anajua amekosea. Kwenye simu wengi walinisikiliza, na baadhi waliifuta.

Nyar_Kisumu
Dada, hapo kwenye simu umenena. Chama chetu cha akina mama kilikaribia kuvunjika 2022. Mmoja akileta picha ya kumtukana Baba, yaani Raila, mwingine analeta ya kumtukana Ruto, na mchango wa matanga unapotea katikati, hakuna anayeuona. Wengine wakatoka. Mwenyekiti akafunga kikundi, wakawa maadmini tu ndio wanaoweza kuandika, mpaka matokeo yakatangazwa. Waliotoka akawafuata nyumbani mmoja mmoja. Karibu wote wamerudi.

KijanaWaMtwapa
Huku kwetu ugonjwa ulikuwa kurasa za mbele za magazeti ya kughushi. Nembo ni ile ile, tarehe ya leo, ila kichwa cha habari kimepachikwa: fulani kajitoa, fulani kamuunga mkono fulani. Mimi kibanda cha magazeti kiko hatua chache kutoka kazini kwangu, kwa hiyo nikawa kila ikija napita pale, naliomba gazeti lenyewe, nalipiga picha likiwa mezani na kuitupia kikundini bila neno hata moja. Wallahi hakuna jibu lililonyamazisha watu kama hilo. Baadaye wazee wakawa wananiandikia wenyewe: mwanangu, hebu tuangalizie hili.

Mtazamaji_Eldy
Mimi niliingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp bila kuulizwa. Asubuhi tunapewa hashtegi, na sentensi zikiwa tayari za kunakili. Jioni malipo kwa M-Pesa. Nilisoma kidogo nikatoka. Utafiti wa Mozilla wa 2021 ulieleza mambo hayo hayo: vijana wakilipwa kama dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku, na walioshambuliwa ni pamoja na majaji na wanaharakati. Kwa hiyo nikiona akaunti nyingi zinasema neno moja kwa herufi zile zile, siwajibu kabisa. Jibu lako ndilo linaloipandisha hashtegi. Naripoti, naendelea na shughuli zangu.

Mwende_K
Kaka, kunyamaza kuna mipaka yake. Nilimsaidia mama mmoja aliyewania uwakilishi wa wadi Ukambani. Hawakugusa sera zake hata siku moja. Walibandika uso wake kwenye mwili wa mtu mwingine, wakaisambaza usiku wa kuamkia Jumapili. Sisi wa timu tulishauri aipuuze. Alikataa. Jumatatu, siku ya soko, alisimama na mumewe na mama mkwe wake, akasema kwa Kikamba: picha mmeiona, si mimi, sasa niulizeni kuhusu maji. Wakamuuliza kuhusu maji! Hakushinda kiti, ila picha ile haikuzungumzwa tena wadi nzima. Mgombea mwanaume anaitwa mwizi, mwanamke anavuliwa nguo. Hilo lisijibiwe kwa ukimya.

Mwana_Doha
Sisi wa Ghuba habari hutufikia ikiwa imeshazunguka. Kilichotuokoa 2022 ni fomu 34A, ile ya matokeo ya kila kituo, kuwekwa wazi mtandaoni, vituo zaidi ya 46,000. Mtu akileta jedwali lake la ushindi, tunamwambia: leta fomu za kituo chenu. Wengi waliishia hapo.

MamaWaNakuru
Mwende, mpe huyo mama salamu zangu. Nina swali moja kwenu nyote. Picha tunaweza kuikagua. Je, sauti? Sasa wanaiga sauti ya kiongozi mpaka kikohozi, kwa lugha ya mama.

Nyar_Kisumu
Kwetu tumekubaliana hivi: aliyeleta sauti aseme alipewa na nani, na huyo naye apigiwe. Mnyororo ukikatika, admin anaifuta. Wiki iliyopita tumefuta mbili.