Neno "studio" kwenye boksi la hedifoni limeniharibia wimbo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimechoka na watu wanaouza hedifoni kwa neno moja tu, "studio", wakati neno lenyewe halina kipimo wala masharti. Yeyote anaweza kulichapa kwenye boksi.

Nilichotaka ni cha kawaida kabisa: hedifoni za kurekodia sauti na gitaa chumbani, na kazi ikiisha nizivae nisikilize muziki. Nilimweleza muuzaji hivyo hivyo. Akanipa za Bluetooth, akaapa zinafaa kwa yote mawili.

Usiku wa kwanza nikafungua programu, nikavaa, nikaanza kuimba. Natamka neno, nalisikia limechelewa, kama kuna mtu nyuma ya mlango ananifuatiliza. Nikadhani kompyuta ni nzito, nikahangaika na mipangilio wiki nzima. Kumbe ni Bluetooth yenyewe: sauti inabanwa, inarushwa, inafunguliwa upya, na safari hiyo mara nyingi inakula milisekunde 100 hadi 200, pengine zaidi. Anayejisikiliza akiimba anaanza kuyumba hata kwa milisekunde 20 au 30. Muuzaji alishindwa nini kusema?

Zilikuwa na tundu la waya, nikachomeka. Kuchelewa kukaisha, lakini besi ilibaki ile iliyojazwa kiwandani. Nikamiksi, yaani nikasawazisha sauti na ala za wimbo, nikiamini umeshiba. Nilipoupiga kwenye spika za gari, besi hakuna, ngoma inalia kama mtu anagonga boksi tupu. Hedifoni zilikuwa zinaniongezea besi masikioni, nami nikawa naipunguza kwenye wimbo. Kwa kusikiliza tu besi ile ni tamu, sikatai. Kwa kumiksi ni uongo mtupu.

Hasira yangu ya pili ni kwenu mnaotoa ushauri. Niliuliza, nikajibiwa: "Chukua hizi, ndizo wanazotumia wanaojua." Na kweli sauti yake ilikuwa safi ajabu. Ila hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ziko wazi mgongoni! Hedifoni za wazi, Sennheiser HD 600 ni mfano mmojawapo, zinaachia sauti itoke nje nyuma ya spika, ndiyo maana muziki unasikika mpana na hauchoshi. Kwa kumiksi chumba kikiwa kimya, nzuri sana. Lakini mvalishe mwimbaji mbele ya maiki uone. Kila kinachopigwa sikioni kinavuja na kuingia kwenye rekodi.

Rafiki yangu alikuja kuniimbia ubeti wa mwisho. Mstari wa kumalizia anaushusha mpaka unakuwa karibu mnong'ono, kisha anavuta pumzi. Pale pale, katikati ya ile pumzi, unasikia tik, tik, tik ya klik, ule mlio wa kuhesabu mapigo aliokuwa anausikia sikioni. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasikiliza labda mara kumi. Ipo. Nikiikata kwenye programu, inaondoka na pumzi yake, na mstari unabaki mkavu.

Halafu kuna suala la omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoupinga umeme. Hizo za pili ni omu 250. Nikichomeka kwenye simu napandisha sauti mpaka mwisho na bado ni ndogo, kwa sababu zinahitaji umeme wenye nguvu kuliko simu inavyotoa. Bila intafesi nzuri (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na hedifoni kwenye kompyuta) au amplifaya ndogo huna kitu. Beyerdynamic DT 770 Pro imekuwa ikiuzwa kwa omu 32, 80 na 250, jina lile lile, umbo lile lile. Anayemuuzia ya 250 mtu mwenye simu tu, kisha akanyamaza, kamdanganya.

Badala ya kuandika hayo kwa herufi kubwa, watengenezaji wanatuandikia "Hz 5 hadi 35,000", yaani toka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Sikio la binadamu linasikia takribani Hz 20 hadi 20,000, na umri unavyosogea huku juu kunapungua. Tena hawasemi sauti inashuka kiasi gani huko miishoni, kwa hiyo namba hiyo haikusaidii kuchagua.

Ningeambiwa mapema kwamba kwa mtu wa hedifoni moja jibu ni za waya, zilizofunikwa nyuma, omu kati ya 32 na 80, nisingefika hapa. Zipo, wala si ngeni: Sony MDR-7506 ipo tangu 1991, imefunikwa, omu 63. Waya wake hauchomoki, na hilo ni kasoro, maana waya ndio unaotangulia kufa. Lakini hedifoni hiyo ingeniokolea ubeti wangu.

Sasa naomba: kama kuna mwenye njia ya kuitoa ile klik bila kuua pumzi, anielekeze. Rafiki yangu ameshahamia mbali, na ubeti ule hatuna namna ya kuurudia.