Kisukari cha mimba: nani alifika kwa insulini, nani aliokolewa na chakula tu? Tupeane uzoefu

Kina mama, hamjambo. Niko Kayole, mimba ya pili, wiki ya 27. Juzi nilinyweshwa yale maji ya glukosi, gramu 75, nikatolewa damu mara tatu. Kabla ya kunywa sukari yangu ilikuwa 5.6 (mmol/L), na kikomo chao ni 5.1. Nimepewa wiki mbili za kupanga chakula na kutembea; isiposhuka, sindano. Mlioanza sindano, kulikuwa na dalili mapema? Naiogopa, sifichi.

Mama Pacha, Umoja
Zangu zilikuwa tele, sikuzisoma tu. Mama ana kisukari, marehemu nyanya alikuwa nacho, nami nilishika mimba nikiwa na miaka 37 na kilo 94. Kilionekana wiki ya 15. Daktari hakuzunguka: kikitokea mapema hivyo, na tumbo likiwa tupu uko 6.4, mara nyingi chakula peke yake hakitoshi. Niliacha soda, mandazi, chai nikanywa strungi bila sukari. Namba za mchana zikashuka. Za asubuhi, wapi! Unakula vizuri jioni na bado unaamka 6.1. Kumbe usiku ini lenyewe linamwaga sukari, na homoni za kondo la nyuma (placenta) zinaifanya insulini yako ilegee. Mama mkwe alikuwa ameshaamua ni ulafi. Wiki ya 18 nikaanza kujidunga kabla ya kulala. Nililia siku ya kwanza tu. Haki, kutoboa kidole ndiko kunakouma.

Kipusa254
Mimi sikufika huko. Asubuhi nilikuwa 4.6, iliyozidi ni ile ya baada ya saa mbili, 8.9. Ugali ukawa ngumi moja, sukuma ikajaza sahani, na baada ya chakula cha jioni nazunguka ploti. Basi.

Wa Githurai
Usijipime kwa Kipusa, 4.6 na 5.6 haziko boti moja. Mimi nilidungwa mimba ya kwanza, ya pili pia, tena mapema zaidi. Mwenye uzi, ile ya kwanza ulikuwa nacho?

Mwenye uzi
Sikupimwa. Mtoto alizaliwa kilo 4.3, nyumba nzima ikashangilia.

Wa Githurai
Eh. Hilo lazima daktari alisikie.

Nyota ya Pipeline
Na hiyo insulini haimfikii mtoto?

Mama Pacha, Umoja
Insulini haivuki kondo. Sukari ndiyo inayovuka, ndiyo maana wanakuwa wakubwa. Wangu walipozaliwa walipimwa sukari mara kadhaa, isije ikashuka ghafla. Mimi sindano iliisha siku hiyo hiyo, nikarudi kupimwa baada ya wiki sita.

Mwenye uzi
Leo nimeamka 5.4. Wanataka chini ya 5.3. Kliniki ni Alhamisi. Ile kilo 4.3 nimeiandika juu kabisa kwenye daftari.